MTUMISHI WA BAA ASITWIKWE MZIGO WA TAJIRI

Mtu akiingia katika baa nyingi za mitaa yetu siku hizi ataona mashine imesimama kando ya ukuta, ikimetameta taa za rangi rangi. Wananchi wameipa jina la dubwi. Mbele yake amesimama kijana, sarafu mkononi. Na nyuma ya kaunta amesimama binti auzaye vinywaji, ambaye ndiye pia amchenjiaye kijana yule noti zake. Kijana huja kaunta mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Binti anamwona. Anatambua kwamba ujira wa juma zima unakwisha mbele ya macho yake. Lakini hasemi neno, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha la kusema, na kwa kuwa akisema huenda kesho akajikuta hana kazi.

Leo tunapenda kumzungumzia binti huyo. Juu ya kijana achezaye kamari maneno mengi yamekwisha semwa, misikitini, makanisani na majumbani. Juu ya mtumishi amhudumiaye, hatujasikia mengi.

Michezo ya kubahatisha imeruhusiwa nchini mwetu kwa sheria. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ikaweka utaratibu wa leseni, na ikakataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kushiriki. Hatuandiki leo ili kudai kwamba sheria hiyo ifutwe. Tunaandika kwa sababu sheria yoyote, hata ikiandikwa vizuri namna gani, mwisho wake huwa mikononi mwa mtu mmoja mdogo aliye mlangoni au nyuma ya kaunta. Ikiwa yeye hajui, au anajua lakini hana nguvu, basi sheria imebaki kabatini.

Iko nchi iliyotutangulia katika jambo hili, nayo ni Australia. Jimbo la New South Wales liliruhusu mashine za kamari katika vilabu vya wanachama tangu mwaka 1956, na mwaka 1997 likaziruhusu katika mabaa pia. Madhara yalipozidi, wenyeji wa nchi ile walikuja na shauri la busara. Walisema kwamba mtu anayefanya kazi penye mashine hizo hana budi afundishwe kwanza. Leo, katika masomo ya taifa ya kazi za hoteli na utalii, pamoja na kutandika vitanda na kupokea wageni, limo somo la kutoa huduma ya kamari kwa uangalifu. Na katika New South Wales, mtumishi mwenye kazi zinazohusu mashine hizo sharti awe na cheti cha mafunzo hayo.

Yafaa tueleze anachofundishwa, maana ni mambo ya maana. Hufundishwa sheria ya umri na namna ya kudai kitambulisho bila ya kumvunjia mgeni heshima. Hufundishwa kwamba ni mwiko kumkopesha mtu fedha za kuchezea. Hufundishwa dalili za mtu aliyekwisha kutekwa: mtu aendaye kutoa fedha benki mara kwa mara, asiyekula wala kunywa maji kwa saa nyingi, apigaye mashine kwa ngumi, aombaye mkopo kwa wageni wenzake, aombaye watu wa nyumbani kwake wasiambiwe kwamba yupo. Hufundishwa pia utaratibu wa mtu kujizuia mwenyewe, ambapo mchezaji hutia sahihi kwamba akirudi mahali pale akataliwe, na muda wake si chini ya miezi sita.

Zaidi ya hayo hufundishwa hesabu ya mashine yenyewe, nayo ingefaa ifahamike kwa kila mwananchi. Sheria ya New South Wales yataka mashine irudishe si chini ya asilimia 85 ya fedha zilizochezwa. Mtu asikiapo hivyo hudhani kwamba akiingia na 100 atatoka na 85. Sivyo. Mchezaji hachezi mara moja akaondoka. Zile 85 huzirudisha mashinani, zikabaki 72, akazirudisha tena. Kwa wastani wa hesabu hiyo, akizizungusha fedha zake mara tano zitakuwa zimebaki kama 44. Wala mashine haina kumbukumbu. Haijui kwamba kijana amekosa mara hamsini, wala haioni huruma kwamba sasa ni zamu yake. Kila mzunguko husimama peke yake. Yule anayesema "imekaribia kutoa" anajidanganya, na mtumishi aliyefundishwa anajua hivyo.

Mafunzo hayo ni mema, na sisi twayaunga mkono. Lakini ndugu msomaji, usikilize sasa upande wa pili wa habari hii.

Mwaka 2010 tume ya serikali ya Australia ishughulikiayo mambo ya uchumi na tija ilitoa taarifa ndefu juu ya kamari. Ilikadiria kwamba watu wazima wapatao 115,000 walikuwa katika taabu kubwa kwa sababu ya kamari, na kwamba watu wenye taabu hiyo ndio waliotoa kiasi cha asilimia 40 ya fedha zote zilizotumika katika mashine. Tafakari maana ya tarakimu hiyo. Ni kusema kwamba mwenye mashine akimpoteza mteja aliyetekwa, hapotezi mteja wa pembeni; anampoteza mteja wake mkubwa. Basi mtumishi anayefundishwa kumwambia mteja huyo "nenda nyumbani ukapumzike" anaambiwa afukuze fedha ambazo kwazo tajiri wake anamlipa mshahara. Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Na hapana shaka ni lipi litakalomponyoka mtu ambaye watoto wake wanasubiri unga.

Ushahidi wa jambo hili ulionekana wazi katika mji wa Melbourne. Kuna jumba kubwa la kamari liitwalo Crown, ambalo kwa miaka mingi lilijisifu kwamba uangalizi wake wa wachezaji ni wa mfano kwa dunia nzima. Lilikuwa na kanuni zilizoandikwa na washauri waliofundishwa. Serikali ya jimbo la Victoria iliunda Tume ya Kifalme chini ya Ray Finkelstein, na mwaka 2021 tume hiyo ikaeleza kwamba sifa zile hazikuwa na ukweli, ikaliona jumba hilo halistahili leseni, ingawa liliachwa liendelee chini ya msimamizi maalumu. Mwaka 2022 mamlaka ya usimamizi wa kamari ya jimbo hilo ililitoza faini ya dola za Australia milioni 120, kwa kuwa watu waliachwa wacheze bila ya mapumziko, wengine zaidi ya saa 24. Baada ya marekebisho, mwaka 2024 jumba hilo likakubaliwa kubaki na leseni yake.

Mtu mmoja ameketi mbele ya mashine kutwa nzima na kucha. Je, hapakuwa na mtumishi aliyemwona? Walikuwapo. Walibadilishana zamu, wakafuta meza na kuleta vinywaji. Walioona walikuwa wengi. Aliyekuwa na amri ya kusema "basi" ndiye aliyekosekana. Huo ndio upungufu wa mafunzo yasiyofuatana na mamlaka: humpa mtumishi macho, yakamnyima mikono. Na ubaya wake ni kwamba siku msiba ukitokea, tajiri huonyesha vyeti ukutani na kusema, "Mimi niliwafundisha." Lawama huteremka kwa mnyonge, na faida hubaki juu.

Tena tukumbuke kwamba mtumishi mwenyewe hayuko nje ya hatari. Wachunguzi wa Australia wameonyesha kwamba wafanyao kazi katika nyumba za kamari hupatwa na ugonjwa huo kuliko watu wengine. Si ajabu, mtu akaaye kutwa penye moshi hana budi kunuka moshi.

Wenyeji wa New South Wales wameanza kulitambua hilo. Mwaka 2023 walipiga marufuku matangazo ya nje yaliyoita watu waingie katika vyumba vya mashine. Na kuanzia Julai 2024 vilabu na mabaa yenye haki ya mashine zaidi ya 20 yametakiwa kuwa na ofisa maalumu wa uangalizi wa wachezaji, awepo kazini wakati wote mashine zinapofanya kazi. Ni hatua njema, kwa maana sasa yupo mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Yatupasa tuchukue lililo jema kwa wenzetu, na kosa lao tusilirudie. Twaona mambo manne.

Kwanza, vyuo vyetu vya hoteli na utalii, na vya ufundi stadi vifundishavyo kazi hizo, viingize somo hili. Kijana anayehitimu leo huenda kesho akapangiwa kazi mahali penye mashine. Asikutane nayo kama kipofu.

Pili, gharama ya mafunzo ailipe mwenye leseni. Si haki binti apataye mshahara mdogo auze kitenge chake ili alipie cheti kitakachomlinda tajiri.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mtumishi alindwe. Akimkatalia mtoto, au akimsimamisha mtu aliyekwisha kupotewa na akili kwa mchezo, asifukuzwe wala asikatwe mshahara. Wala malipo yake yasipimwe kwa wingi wa sarafu zilizoingia katika mashine. Vyama vya wafanyakazi vilichukue jambo hili katika mikataba yao, maana ni haki ya kazi kama haki nyingine yoyote.

Nne, kazi ambayo sheria inaweza kuifanya asiachiwe mtumishi. Mashine inaweza kuzimwa kwa saa maalumu bila ya kumgombanisha mtu na mtu. Inaweza kuondolewa pale wapitapo watoto. Mtu hana haja ya kubishana na mlevi saa nane za usiku ikiwa mashine imekwisha lala tangu saa nne.

Wako watakaosema kwamba mtu mzima ana uhuru wa kutumia fedha zake apendavyo. Twakubali. Lakini uhuru ni wa mtu ajuaye atendalo, na aliyeketi saa 24 mbele ya mashine hana tena uhuru wa kuinuka. Wako pia watakaosema kwamba michezo hii huleta kodi na ajira. Hatukatai. Lakini shilingi iingiayo Hazina kutoka katika sufuria ya mtoto aliyelala na njaa itarudi kudaiwa, hospitalini, mahakamani na mitaani.

Zamani za TANU wito ulikuwa Uhuru na Kazi. Na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha haiwi msingi wa maendeleo, na kwamba maendeleo huletwa na watu wenyewe kwa jasho lao. Mashine ya kamari huhubiri kinyume cha hayo. Humwambia kijana kwamba jasho ni la wajinga, na kwamba bahati imo ndani ya sanduku. Kama tumekubali kuliweka sanduku hilo katikati yetu, basi angalau tusimwache binti yule wa kaunta asimame peke yake kati ya sanduku na kijana.

Afundishwe, ndiyo. Lakini apewe pia neno la kusema, na nguvu ya kulisema, na hakika kwamba kesho yake atarudi kazini. Pasipo hayo matatu, cheti chake ni karatasi tu, na noti ya kijana itaendelea kuchenjiwa.