Kurudi Shule Huanza Usiku

Kila ukaribiapo mwisho wa mwezi wa Disemba, wazazi wa mijini na mashamba katika Tanzania hushikwa na shughuli ya kununua: sare kwa mtoto aliyerefuka ghafla, viatu vyeusi, soksi, madaftari, mkoba, na kwa wale waliowapeleka watoto wao katika shule za binafsi, ada ya muhula, ambayo haiuhurumii mfuko uliokwisha kutobolewa na sikukuu. Siilaumu shughuli hiyo, kwa kuwa mtoto asiye na sare huona haya mbele ya wenziwe, na haya ni mzigo mzito kwa moyo wa miaka sita. Lakini katika hesabu zote zifanywazo kwa ajili ya wiki ya pili ya Januari, wakati shule zifunguliwapo, iko hesabu moja ambayo aghalabu haifanywi hata na wazazi hodari, nayo ni hesabu ya usingizi.

Likizo yenyewe ni neema, wala sitaki nifahamike kuwa naitakia ufupi. Mtoto aliyepelekwa Moshi kwa babu yake akala sikukuu pamoja na binamu zake, au aliyevuka bahari kwenda Unguja kwa shangazi, hurudi na maneno mapya, na michezo mipya, na maarifa ya ukoo wake ambayo hayamo katika kitabu chochote cha darasa la kwanza. Walakini neema hiyo huja na dasturi zake. Kaskazi ivumapo na joto likazidi, watu wazima wa pwani hukaa barazani mpaka usiku mkubwa wakingoja ubaridi, na watoto hukaa nao. Chakula cha usiku huandaliwa saa tatu. Baada ya taarifa ya habari hufuata tamthilia. Na simu ya mama, ambayo mchana ilikuwa na kazi zake, usiku huwa mali ya mtoto. Saa tano humkuta angali macho, na asubuhi huachwa alale hadi jua liwe juu, kwa kuwa hakuna anayemngoja. Yote hayo hayana dhara kubwa kwa wakati wake. Dhara huingia Jumapili ya mwisho, mzazi anapomwambia, "Lala mapema, kesho shule," akidhani kwamba usingizi ni mtumishi aitikiaye wito.

Hebu na tuhesabu. Matabibu wa usingizi wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2016, walikadiria kuwa mtoto wa miaka 3 hadi 5 huhitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana, na wa miaka 6 hadi 12 huhitaji saa 9 hadi 12. Sasa mtazame mtoto wa darasa la awali wa Dar es Salaam anayepitiwa na gari la shule saa kumi na moja u nusu alfajiri, jua halijachomoza, ambaye kwa hiyo hana budi kuamshwa saa kumi na moja. Ili atimize saa 10 usiku huo, sharti awe amekwisha lala saa moja, yaani mara tu baada ya magharibi na kabla ya isha. Ni nyumba ngapi ambazo saa hiyo zimekwisha hata kuinjika sufuria? Hata kaka yake wa miaka saba, kwa kiasi cha chini kabisa cha saa 9, yampasa awe amelala saa mbili, saa ile ile ambayo watu wa nyumba nzima wanakusanyika mbele ya televisheni.

Na saa iliyomo ndani ya mwili wa mwanadamu haiongozwi kwa amri. Huongozwa hasa na nuru iingiayo machoni, na kwa watu wengi mzunguko wake huzidi kidogo saa 24, ndiyo maana kuchelewa kulala ni jambo jepesi na kuwahi ni jambo gumu. Kwa sababu hiyo mwenye kutaka kuurejesha usiku wa mtoto aanze na asubuhi yake: amwamshe robo saa kabla ya jana, amtoe nje penye mwanga, ampe chakula chake cha asubuhi, na usingizi wa jioni utakuja wenyewe. Mtoto aliyezoea saa nne na ambaye anatakiwa arudi saa mbili ana robo saa nane za kurudishwa. Akirudishwa moja kila siku mbili, kazi huchukua siku 16, na kwa hivyo wakati wa kuianza ni wiki ya Krismasi au mara baada yake. Wenzetu wa Ulaya ya Kaskazini wana shida kutushinda sisi, maana likizo yao kubwa huangukia majira ambayo jua halitui hadi usiku umekwenda, na wazazi hulazimika kuziba madirisha kwa mapazia mazito. Sisi tumejaliwa giza la mapema mwaka mzima, jua la Dar es Salaam likitua kabla ya saa moja hata katika Januari. Kisha giza hilo tunaliharibu kwa mkono wetu, kwa taa na vioo vya simu.

Mwaka 2023 Serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa ruhusa maalumu, na mimi ni miongoni mwa walioshukuru, kwa kuwa sikupata kuelewa faida ya kumtenga mtoto wa miaka mitano na mama yake. Lakini maana ya uamuzi ule ni kwamba usiku wa mtoto mdogo umerejeshwa mikononi mwa nyumba yake. Tena nyumba zetu nyingi ni chumba kimoja au viwili, ambamo mtoto hawezi kulala ikiwa watu wazima wanacheka na televisheni inanena. Hapo ndipo penye taklifu yenyewe: kwa majuma mawili baba na mama, na mjomba aliyekuja kwa sikukuu akakaa, na dada wa kazi, wote sharti wale mapema, wazungumze kwa sauti ya chini, na waiache tamthilia ipite. Ni jambo zito kwa mtu aliyerudi kazini amechoka, nami silidharau. Nasema tu kwamba halina gharama ya fedha, na katika mwezi wa Januari hiyo si sifa ndogo.

Iko pia tabia moja iliyoenea ambayo naichukia kwa dhati. Mtoto akikorofisha wakati wa likizo huambiwa, "Ngoja shule zifunguliwe, mwalimu atakukomesha," kisha asubuhi ya Jumatatu, anaposhika nguo ya mama yake getini na kulia, watu hustaajabu. Mwezi mzima amekuwa akitishwa kwa jina la mtu yule yule anayekabidhiwa. Mtoto huyo aagwe waziwazi na kwa maneno mafupi, asitorokwe akiwa amegeuza uso. Na kwa kuwa hajui saa, aambiwe kwa mambo anayoyajua, kwamba atakunywa uji, atacheza, ataimba, halafu atakuja kuchukuliwa. Na yule aliyeahidi kuja, aje.

Kwa upande wa shule ninayo maombi, nayo nayasema kwa heshima. Mtihani wa kufungulia shule usitolewe juma la kwanza kwa madarasa ya chini. Mwalimu atakachokipima siku hizo ni uchovu, na mtoto atakachojifunza ni hofu. Wala mtoto mdogo aliyechelewa asichapwe. Kanuni zetu za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zimeweka kiboko mikononi mwa mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na viboko visizidi vinne, nako Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni tangu mwaka 2001; lakini hata pale sheria iruhusupo, iko wapi insafu ya kumwadhibu mtoto wa miaka sita kwa saa ya kuamka ambayo hakuipanga yeye? Aitwe mzazi.

Wenye magari ya shule nao wazitazame upya njia zao. Gari moja linalozunguka mitaa kumi humfanya mtoto wa kwanza kuchukuliwa apoteze saa nzima ya usingizi ili akae akisinzia kitini, na mara nyingi huyo wa kwanza ni wa awali, kwa sababu tu nyumba yao iko mbali. Kamati za wazazi zidai kabla ya muhula kuanza kwamba mzunguko huo ufupishwe, au wadogo wachukuliwe mwisho.