Jiji la waendao kwa miguu lajengwa kwa ajili ya magari

Kabla jua halijachomoza, barabara ya Gitanga itokayo Kawangware kuelekea Lavington huwa imekwisha kufurika. Waijazao si madereva. Ni mafundi wa mjengo waliobeba vyombo vyao katika mifuko ya saruji, walinzi waendao kupokea zamu, mayaya, wafuaji nguo na wauzaji wa mboga. Kutoka Kawangware 46 hadi Lavington ni mwendo wa nusu saa hivi kwa mtu mwenye haraka. Anayekwenda Kilimani hutembea zaidi ya saa moja, na jioni hurudi kwa njia ile ile.

Msafara huo ndio uelezao kwa nini mtu mwenye akili timamu akubali kulea watoto wanne katika chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10 huko Riruta, akitumia choo kimoja na wapangaji wote wa ploti. Kodi anayoilipa kila mwezi ni bei ya ukaribu kuliko ilivyo bei ya chumba. Mwondoe hapo, umpe nyumba nzuri mara tatu lakini iliyo mbali, na huenda ukawa umemfanya maskini zaidi ya alivyokuwa.

Jambo hili halipewi uzito unaostahili katika mjadala wa nyumba za bei nafuu, mjadala ambao umewashughulisha Wakenya tangu ada ya nyumba ianze kukatwa kwenye mishahara mwaka 2023. Historia ya ada hiyo inajulikana. Mfanyakazi hutoa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Mahakama Kuu iliiharamisha mnamo Novemba 28, 2023, ikisema pamoja na mengine kwamba iliwabagua walioajiriwa rasmi. Bunge likatunga sheria mpya iliyowajumuisha hata wanaojitafutia riziki katika sekta isiyo rasmi, na Rais William Ruto akaitia sahihi Machi 2024. Sheria hiyo inawagawa wanunuzi kwa kipato: wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi, wanaopata kati ya Sh20,000 na Sh149,000, na wale wa juu ya hapo.

Kipato, basi, kimepimwa. Umbali haukupimwa.

Chukua mfano wa Mukuru, ambako mnamo Mei 2025 Rais alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza kati ya 13,248 zilizopangwa. Chumba kimoja kilitangazwa kwa malipo ya Sh3,900 kwa mwezi, na kwa mkazi wa Mukuru ambaye hutembea hadi viwanda vya Industrial Area, hiyo ni neema ambayo haingepaswa kubezwa. Lakini hebu mfuaji nguo wa Kawangware apewe chumba kama hicho upande huo wa jiji, huku wateja wake wakibaki Lavington. Itambidi apande matatu hadi katikati ya jiji, kisha nyingine. Hata tukikadiria nauli ya Sh100 tu kwenda na Sh100 kurudi, kwa siku 26 za kazi atakuwa ametumia Sh5,200. Nauli imeipita kodi! Na siku ya mvua, wakati makondakta wapandishapo nauli watakavyo, hesabu hiyo huvunjika kabisa.

Wapangaji wa jiji hawawezi kusema kuwa hawakuujua mwenendo huu. Mpango mkuu wa jiji uliotayarishwa mwaka 2014 kwa msaada wa shirika la Japani la JICA ulionyesha kwamba takribani safari 4 kati ya kila 10 jijini Nairobi hufanywa kwa miguu, na nyingine zipatazo idadi hiyo hufanywa kwa matatu. Magari ya kibinafsi yalibeba sehemu ndogo tu ya safari. Kwa maneno mengine, jiji hili lenye watu 4,397,073 kwa mujibu wa sensa ya 2019 tayari ni jiji la watu wasio na magari. Huko ng'ambo mitaa isiyotegemea magari huandaliwa na wasomi kwa miaka mingi. Riruta ilijiandaa yenyewe, kwa ukata.

Ni vyema kukumbuka jinsi mtaa huu ulivyozaliwa, maana sura yake haifanani na ya Kibera. Dagoretti yote, Riruta na Kawangware zikiwemo, ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu katika wilaya ya Kiambu hadi mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Ardhi ilikuwa imekwisha kugawanywa kwa familia na kupewa hati miliki. Watoto wakarithi, wakagawana, na wajukuu wakagawana tena, mpaka shamba la mahindi likawa ploti ya futi 50 kwa 100. Mwenye ploti akajenga safu mbili za vyumba vya mabati zinazotazamana, katikati akaacha ujia wa kuanikia nguo. Kibera, kinyume chake, ni ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliwakalisha askari wa Kinubi na ambayo dola iliendelea kudai kuwa yake. Jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288 mwaka 2017 tu, baada ya zaidi ya karne moja ya kusubiri. Kwa hiyo Kibera serikali huweza kujenga yenyewe. Riruta haiwezi kujenga ila kwa kununua. Atakayejenga ni mwenye ploti, na tayari anajenga: kando ya barabara ya Naivasha na ndani kuelekea Kabiria na Satellite, mabati yanang'olewa na maghorofa ya vyumba vidogo yanasimama mahali pake.

Hapa ndipo suala la gari linapoingia kwa mlango wa nyuma. Kanuni za upangaji hudai mjenzi atenge maegesho kulingana na idadi ya nyumba anazojenga. Gari moja, pamoja na nafasi ya kuingilia na kugeukia, huhitaji mita 25 za mraba hivi. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina mita za mraba 9 na ushei. Hivyo gari lililolala hutaka nafasi ya familia mbili na nusu za Kawangware.

Tufuate hesabu hiyo hadi mwisho wake. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mita za mraba zipatazo 465. Mwenyewe akitaka kujenga nyumba 40 za chumba kimoja kimoja na adaiwe nafasi moja ya gari kwa kila nyumba, atahitaji mita 1,000 za mraba za maegesho, zaidi ya mara mbili ya ploti nzima. Ana njia tatu. Achimbe orofa mbili au tatu chini ya ardhi kama wafanyavyo wajenzi wa Kilimani na Kileleshwa, kisha gharama hiyo aitwike kodi. Ajenge nyumba chache kubwa kwa wenye magari. Au asiende kabisa kuomba idhini, ajenge usiku na mchana, na amalizane na maafisa mlangoni.

Riruta njia ya tatu ndiyo iliyozoeleka, na madhara yake ni mazito kuliko yaonekanavyo. Mjenzi akishaamua kukwepa kanuni ya maegesho, ambayo kwa mpangaji wake haina faida yoyote, hukwepa pia kanuni zenye faida. Nguzo hazikaguliwi. Dirisha hufunguka kwenye ukuta wa jirani uliosogea hadi urefu wa mkono. Ngazi ni moja, na moto ukizuka hakuna pa kukimbilia. Kanuni iliyowekwa kwa ajili ya gari huwa imeifanya nyumba ya maskini kuwa haramu tangu msingi, na kilicho haramu hakina wa kukilinda.

Wakati huo huo barabara zinazidi kupanuliwa. Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Maelfu walilala nje na shule zikabomolewa. Novemba 2021 ikawa zamu ya Ng'ando, jirani ya Riruta, ambako wapangaji walikusanya mabati yao kandokando ya Ngong Road ili barabara nyingine ipite. Mwaka uliofuata ilifunguliwa barabara ya juu ya Nairobi Expressway yenye kilomita 27, ambayo mtembea kwa miguu haruhusiwi hata kuikanyaga. Hakuna anayepinga kwamba jiji lahitaji barabara. Lakini waliobomolewa Kibera na Ng'ando wengi wao hawakuwa na gari, na ni wao waliotakiwa kuondoka ili msongamano wa wenye magari upungue.

Serikali ya kaunti ilikuwa imeahidi vinginevyo. Sera yake ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia mitambo ilisema asilimia 20 ya fedha za ujenzi wa barabara itengewe wanaotembea na waendeshao baiskeli. Ngong Road, iliyopanuliwa kwa msaada wa Japani, ilipata njia nzuri za wapita njia, na katikati ya jiji barabara kadhaa zilirembeshwa enzi za NMS. Ila mtu anayeishi Gatina hafiki huko kwa kuruka. Kati ya mlango wake na hiyo njia nzuri kuna mitaro iliyo wazi, bodaboda zinazopita upande wowote na magari yaliyoegeshwa juu ya kile kilichokuwa kijia. Nchini kote watu 4,324 walikufa barabarani mwaka 2023, na kundi kubwa zaidi kati yao, kama ilivyo kila mwaka, lilikuwa la waendao kwa miguu.

Miji mingine imelitatua fumbo la maegesho kwa njia ambazo si ngeni wala ghali. Vauban, mtaa wa mji wa Freiburg nchini Ujerumani uliojengwa kwenye kambi ya zamani ya jeshi, ulitenganisha bei ya nyumba na bei ya maegesho: mwenye gari hununua nafasi yake kwenye jengo la pembezoni, asiye nalo hamlipii mwenzake. Wapo watakaosema Ujerumani si Kenya. Basi na watazame jiji la Mexico, lenye vibanda, mabasi ya watu binafsi na misongamano kama yetu. Mwaka 2017 lilifuta kiwango cha chini cha maegesho na badala yake likaweka kiwango cha juu. Mjenzi hakulazimishwa tena kujenga gereji, alikatazwa kuzidisha.

Wanaopinga hoja hii wana jambo la kusema, na lisipuuzwe. Mtaa usio na magari mengi si mtaa usio na barabara. Gari la zimamoto, ambulansi na lori la maji lazima vipite, na leo sehemu nyingi za Kawangware havipiti. Mwanamke anayerudi kutoka zamu saa tatu usiku hawezi kuambiwa atembee mahali pasipo taa. Kisha kuna wasiwasi wa wenye ploti wenyewe, wanaoamini kwamba jengo lisilo na maegesho litawakosesha wapangaji wa maana. Huo si msimamo wa kuchekwa; kila mwenye nyumba hujengea mpangaji anayemtarajia kesho. Lakini mpangaji huyo wa kesho akija na gari lake, wa leo ataelekea wapi? Kinoo, Kikuyu, Ngong, Rongai, kila mahali pana kodi ya chini kidogo na nauli ya juu zaidi.

Kibera imekwisha kutoa funzo fulani. Mradi wa kuboresha mitaa ya mabanda ulipoanza mwaka 2004, wakazi wa Soweto Mashariki walijengewa nyumba 600 za muda upande wa Lang'ata na kuhamia mwaka 2009. Baadhi walipangisha vyumba vyao na kurudi mabandani, karibu na vibanda vyao vya biashara. Nyumba 822 zilizokabidhiwa mwaka 2016, na nyingine 4,054 zilizopangwa chini ya mpango wa sasa, zimewekwa Soweto Mashariki penyewe. Kasi hiyo ni ya kobe, lakini angalau mahali ni pale pale, na wakazi wake wanaweza kuendelea kutembea hadi kazini.

Kwa Riruta hakuna mradi wa namna hiyo, wala hauhitajiki kwa sura hiyo. Wenye ploti wana ardhi na wana nia ya kujenga. Wanachokosa ni kanuni wanayoweza kuitii: ghorofa nne au tano bila maegesho ya lazima, kwa sharti kwamba majirani wawili au watatu waunganishe ploti zao ili pabaki ujia wa gari la zimamoto na dirisha lenye hewa. Baada ya hapo mkaguzi aje kukagua nguzo, siyo kuhesabu magari yasiyokuwapo. Fedha za ada ya nyumba zingeweza kuchimba mabomba ya majitaka na kusimika taa za barabarani, kazi ambazo mwenye ploti hawezi kuzifanya peke yake.

Muda nao si mrefu. Serikali imetangaza mpango wa reli ya abiria kutoka Riruta hadi Ngong, ikiungana na njia ya zamani ipitayo Kibera. Ardhi iliyo karibu na kituo cha gari moshi hupanda bei kabla behewa la kwanza halijapita, na ploti hizo zina wenyewe, wenye hati miliki na watoto wanaongojea kugawana. Kanuni ya ujenzi itakayokuwa ikitumika siku hiyo ndiyo itakayoamua kama watajengea msafara wa barabara ya Gitanga au watu ambao hawajawahi kuutembea.