Kava la chini ya gari si pambo

Mtu akizunguka nyuma ya gereji nyingi za hapa Unguja na Pemba hatakosa kuona rundo la mapande ya plastiki nyeusi, mengine mazima na mengine yamepasuka, yakinyeshewa na kuota majani. Hayo ni makava ya chini ya injini. Yalivuka bahari kutoka Japani, yakalipiwa ushuru pamoja na gari zenyewe, kisha yakafunguliwa siku ya kubadilisha oili na yasirudishwe tena.

Sababu tunazijua. Kava hufungwa kwa skrubu na vibanio ambavyo huvunjika kwa wepesi, na fundi mwenye gari tano zinazomsubiri huona kulifunga upya ni kupoteza wakati. Matuta na njia za mawe za vijijini nazo huling'oa. Lakini sababu iliyo kubwa zaidi ni imani iliyoenea kwamba kava hilo huzuia upepo, na kwamba injini ikiwa wazi chini itapoa vyema zaidi katika visiwa hivi vya joto. Imani hiyo ina sura ya akili, lakini kwa gari nyingi za siku hizi ni kinyume cha ukweli.

Injini ya gari hizi haitegemei upepo unaoigusa kwa nje. Hupozwa na maji yanayozunguka ndani yake na kuupeleka moto kwenye rejeta, nayo rejeta hupozwa na hewa inayopenya katikati ya mapezi yake. Gari inapokwenda kasi, hewa hushindiliwa mbele ya bampa, ikapita kwenye rejeta kwenda nyuma yake ambako mgandamizo ni mdogo. Kava la chini huilinda tofauti hiyo ya mgandamizo. Huizuia hewa ya barabarani isipande na kukijaza chumba cha injini, na huizuia ile iliyoingia mbele isiikwepe rejeta kwa kupita chini yake. Mkaazi yeyote wa Mji Mkongwe anajua kwamba upepo hauingii dirishani ikiwa hauna pa kutokea. Ndivyo ilivyo kwa gari: chumba cha injini kikishajaa hewa ya chini, ile ya mbele hukosa pa kwenda.

Hatutaki kutia chumvi. Si kila gari iliyovuliwa kava itachemka. Gari yenye rejeta safi na feni nzima ina akiba yake, na katika foleni ya Darajani dereva huenda asione tofauti yoyote, kwani gari ikienda pole pole feni ndiyo inayovuta hewa. Ubaya hujitokeza akiba hiyo inapokwisha: rejeta imeziba kwa vumbi, kiyoyozi kinafanya kazi, abiria wamejaa, jua la kaskazi limewaka, na safari ni ya Nungwi au Makunduchi, au gari inapanda vilima vya Pemba.

Sisi wenyewe tumeonja machungu hayo. Gari moja ya ofisi yetu ilitoka kubadilishwa oili bila ya kava lake. Wiki chache baadaye, ikiwa na shehena, mshale wa joto ulianza kupanda kila ilipokwenda mwendo mrefu mchana. Fundi wa kwanza alibadilisha thamostati, wa pili akabadilisha feni, na fedha zikatoka mara mbili. Fundi wa tatu, mtu mzima wa makamo, alilala chini akatazama, kisha akauliza swali moja tu: "Kava liko wapi?" Likatafutwa kuukuu, likafungwa, na mshale ukarudi mahali pake.

Laiti tungeendelea kupuuza, hasara ingekuwa kubwa zaidi. Injini ikichemka sana, kichwa chake cha aluminiamu hupinda, gasketi huungua, na maji huingia kwenye oili. Hapo mwenye gari hatafuti tena kipande cha plastiki, bali injini nyengine, nayo italetwa kwa meli na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Tena kazi ya kava haiishii kwenye joto. Wakati wa masika huukinga mkanda na mashine ya kuchaji betri dhidi ya maji na matope yanayorushwa na magurudumu. Hata hivyo, kava lililopasuka na kuning'inia ni hatari barabarani, na lililolowa oili linaweza kushika moto. La namna hiyo lisafishwe, litengenezwe au libadilishwe. Wala lisiwekwe bati zima badala yake, kwani kava la kiwandani lina matundu yaliyopimwa ya kutolea joto, na bati lisilo na matundu hulifungia joto ndani.

Kwa hiyo tunatoa maombi matatu. Kwa ndugu zetu mafundi, tunaomba kila kava linalofunguliwa lirudishwe, na vibanio viwekwe akiba kama inavyowekwa oili. Kwa wenye gari, tunaomba wainame na kutazama chini kabla ya kulipa na kuondoka gereji. Kwa wakuu wa taasisi za Serikali, ambao dhamana ya gari za umma iko mikononi mwao, tunaomba hati ya matengenezo ioneshe kwamba kava limerudi, na wakaguzi wa magari nao walitazame kama wanavyotazama taa na breki.

Gari ya wagonjwa inayotoka Makunduchi usiku na mchana haina nafasi ya kusimama njiani ikitoa mvuke. Mgonjwa aliyemo ndani hatajua kwamba kilichomchelewesha ni vibanio vichache vilivyoachwa sakafuni mwa gereji, lakini sisi tunajua, na kwa kuwa tunajua hatuna udhuru.