Mbona aliyeacha kuamini hana wimbo?

KAULI YA JUMAMOSI
Na Mwende Kyalo

Panda matatu ya alfajiri kutoka Machakos kwenda Nairobi na utakuwa umeokoka kabla ya kufika Mlolongo. Dereva ameweka nyimbo za injili, na kila wimbo ni ushuhuda: nilikuwa mlevi, nikatolewa, nilikuwa mgonjwa, nikainuliwa. Jioni, gari lilelile na dereva yuleyule, inavuma benga ya Kikamba, na humo mna mke aliyetoroka, shemeji mchoyo, deni la duka na jirani mwenye kijicho. Wanamuziki wetu hawana haya. Tangu enzi za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wamezoea kuanika mambo ambayo wengine huyanong'oneza jikoni. Jambo moja tu wameliruka: mtu aliyekuwa akiamini na sasa haamini.

Simzungumzii aliyerudi nyuma kwa sababu ya pombe. Huyo ana nyimbo tele, maana inajulikana kwamba atarejea ubeti wa tatu. Ninamzungumzia yule aliyesali, akangoja, akafikiri, kisha siku moja akahisi kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiongea peke yake.

Watu hao wako. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 755,750 waliosema hawana dini. Ni kama asilimia 1.6 ya taifa, lakini wakikusanywa pamoja wanapita nusu ya wakazi wa kaunti hii nzima ya Machakos. Mwaka 2009 walikuwa 922,128. Wachungaji watasema kondoo wamerejea zizini. Mimi nashuku wengine wamejifunza tu jinsi ya kumjibu karani wa sensa mama yao akiwa amesimama mlangoni.

Ng'ambo nyimbo za namna hiyo zipo, ingawa ule ambao kila mtu huutaja kwanza haumo. "Losing My Religion" wa R.E.M., wa mwaka 1991, ni wimbo wa mapenzi yasiyo na jibu. Michael Stipe aliyeuimba ameeleza hivyo mwenyewe. "Dear God" wa kundi la Kiingereza la XTC, uliotoka 1986, ndio hasa. Ni barua kwa Mungu kutoka kwa mtu anayemwambia kwamba hamwamini, na sehemu ya kwanza inaimbwa na mtoto. Usiniulize vipi mtu anamwandikia asiyekuwepo. Ladha ya wimbo iko hapohapo.

Afrika tunaye Fela Kuti, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1970 aliwachapa maaskofu na maimamu katika "Shuffering and Shmiling" kwa kuneemeka huku waumini wao wakibanana ndani ya mabasi. Hata hivyo Fela hakuwa amepoteza imani. Alikuwa na madhabahu yake Lagos na akiwaenzi mababu. Ugomvi wake ulikuwa na wakusanyaji wa sadaka.

Ugomvi huo sisi pia tunauweza sana. Tangu miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilipofukuliwa msituni Shakahola kuanzia Aprili 2023, kumsema mhubiri si kosa tena hata mbele ya wazee wa kanisa. Ila hasira kwa mhubiri mara nyingi huishia kwa kutafuta mhubiri mwingine, na Ukambani twalijua hilo kuliko wengi. Africa Inland Mission ilitia mguu Nzaui mwaka 1895. Miaka hamsini baadaye, 1945, Wakamba waliochoka kuongozwa na wamishenari hawakumkimbia Mungu. Walianzisha African Brotherhood Church, na makao yake yako Mitaboni, hapa kwetu, mpaka leo. Sisi tukiudhika na kanisa, tunajenga lingine ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo safari ya imani kwenye muziki wetu ina barabara moja, tena ya kwenda tu. Joseph Kamaru, mfalme wa nyimbo za Kikuyu, alitangaza mwaka 1993 kwamba ameokoka, akaachana na nyimbo za dunia. Baadaye akazirudia. Mpaka alipofariki Oktoba 2018 watu walikuwa bado wakibishana ni kipi kilimrudisha, soko au moyo. Willy Paul na Bahati walianza kwenye injili, leo wanaimba mapenzi. Magazeti yalijaza kurasa kuhusu mavazi na wanawake kwenye video zao. Kuacha kuimba injili si kuacha kuamini, na sitamsingizia mtu. Ninalosema ni kwamba tulipopata nafasi ya kuuliza nini hubadilika ndani ya mtu, tuliuliza habari za suruali.

Upande wa pili tunausikia mara moja. Mei 2021 Seth Mahiga, katibu wa chama cha wasioamini Mungu nchini, alijiuzulu akisema amempata Yesu. Habari hiyo ilizunguka dunia. Chama kikamtakia heri na kutangaza kwamba nafasi ya katibu iko wazi, na nakiri nilicheka.

Wanaolaumu uoga wa wasanii wasahau kidogo uoga, wahesabu pesa. Mwimbaji wetu hujifunza sauti kwenye kwaya, hushika kinanda cha kwanza maishani kanisani, na mialiko inayomlisha ni ya mikutano ya injili, harusi, mazishi na uzinduzi wa albamu ambapo mheshimiwa fulani ananunua nakala ya kwanza kwa bei ya ng'ombe. Kisha kuna Skiza, ile huduma ya kumwekea anayekupigia simu wimbo. Nani atalipia wimbo wa kutilia Mungu shaka ili mama mkwe ausikie kila akipiga simu?

Huko Kathiani majuzi nilihudhuria mazishi ya nyanya mmoja mzee sana. Kila aliyepewa kipaza sauti alianza na Bwana asifiwe, umati ukajibu Amina, akarudia, mpiga kinanda akagusa vidole viwili vitatu. Akaitwa mjukuu, kijana anayefanya kazi Nairobi, ambaye ukoo mzima unajua hakanyagi kanisani. Akasema, "Hamjambo." Hema likanyamaza. Wachache wakaitikia Amina kwa mazoea. Mfawidhi akamrukia, akaomba tumpigie Yesu makofi, na kijana akangoja makofi yaishe kwa adabu zote. Ndipo akaeleza jinsi nyanya alivyokuwa akimfichia muthokoi ndani ya kibuyu siku ambazo binamu wengi wametembelea. Hakuna aliyemsifu marehemu vizuri kumliko. Kwaya ilipoanza wimbo wa zamani kutoka Mbathi sya Kumutaia Ngai, akaidaka sauti ya tatu bila kitabu, kutoka mwanzo hadi mwisho, wala hakukosea pale penye kona ambapo sisi wenye sare tunakosea kila mara.

Mtu kama huyo ana wimbo gani? Anazo mia, zote za nyumba aliyohama. Akitaka kusema alipofika inabidi akope maneno ya Kiingereza, kisha shangazi zake waseme ni shule ndiyo iliyompotosha.

Mimi naimba sauti ya pili na naamini. Wimbo wake nautaka kwa sababu zangu mwenyewe. Ushuhuda unaoruhusiwa kuwa na mwisho mmoja tu haunithibitishii kitu. Nikiwasikia walioondoka wakisema kwa nini, nitajua wanaobaki wamebakia nini. Biblia haikuogopa. Zaburi ya 88 inalia mwanzo hadi mwisho, haina ushindi wowote, na neno lake la mwisho ni giza. Aliyeiweka humo alikuwa na akili.

Niliipendekeza kwa mwalimu wetu wa kwaya kwa ajili ya tamasha la Agosti. Aliisoma mara mbili, akaipenda, akaanza kupiga nota mezani. Kisha akatoa sharti: tuongeze ubeti mmoja wa kufufuka na kushinda, kwa kuwa ukumbi ukitoka ukiwa umenuna hautatoa sadaka. Nikamwambia huo ubeti Mungu mwenyewe hakuuongeza. Soprano wako upande wake, besi wako upande wangu, na mazoezi ni Jumanne.