Mtandao upo, ila uko mlimani

Wiki ya kwanza ya fildi kule Chiwanda nilimuuliza mama mwenye nyumba kama kuna mtandao. Naye akaniuliza, "Mwalimu, unataka wa kupiga au wa kuangalia?" Wa kupiga unapatikana mlangoni, ukisimama upande wa jikoni na usitingishike sana. Wa kuangalia, yaani intaneti, uko mlimani. Ni mwendo wa dakika 40 kwa miguu mpaka kwenye mwamba mmoja ambapo kila jioni hukosi vijana watano sita wameinua simu juu kama wanaapa.

Kwa wasiopajua, Chiwanda iko wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, eneo ambalo zamani lilikuwa ndani ya wilaya ya Mbinga, karibu kabisa na mpaka wa Msumbiji. Lami imeshafika Mbamba Bay, kilomita 66 kutoka Mbinga mjini, na safari yake ni kushuka tu: unatoka kwenye baridi ya milima ya Umatengo na mashamba ya kahawa, unateremka mpaka kwenye joto la ziwa, mihogo na dagaa. Ndiyo shida yenyewe ya mtandao. Mawimbi ya simu yanapenda njia nyoofu. Ukiwa nyuma ya mlima, mnara unaweza kuwa si mbali kihivyo na bado ukawa kivulini. Kuna siku simu yangu ilinikaribisha Msumbiji nikiwa nimekaa kitandani. Wenyeji walinicheka, wakanifundisha kuzima rominga kabla salio halijavuka mpaka bila mimi.

Sasa weka utaratibu wetu juu ya hali hiyo. Kila wiki tulitakiwa kupandisha kwenye mfumo picha za maandalio ya somo pamoja na ripoti ya wiki, mwisho Jumapili saa 5:59 usiku. Ikifika saa 6 kamili mfumo unafunga, na wiki hiyo inahesabika hukufanya kazi. Hata kama umefundisha vipindi 14, hata kama mkuu wa shule amesaini na kugonga muhuri kwenye kila ukurasa.

Katikati ya fildi walikuja wasafiri wawili, mtu na mkewe, wazee wa Kizungu, na gari lao la kulala ndani. Mle kuna kitanda, jiko na friji ndogo, na juu kuna paneli za sola. Waliegesha ufukweni chini ya miembe, wakakaa siku nne. Jioni ya kwanza nilipita, nikamkuta mzee anazungumza na wajukuu zake kwa video, picha haikwami hata kidogo. Nilidhani ana setilaiti. Hana. Alikuwa na laini ya kawaida aliyoinunua Songea, mtandao uleule ninaoutumia mimi, kutoka mnara uleule.

Kilichotutofautisha ni mlingoti. Pembeni ya gari alisimamisha bomba la kukunjuka, refu kupita paa la nyumba yoyote pale kijijini. Kwenye ncha ameweka antena inayoelekezwa upande mmoja, na waya unashuka mpaka kwenye ruta yenye nafasi ya laini mbili, ili moja ikilala nyingine ishike. Akazungusha bomba taratibu huku mkewe akisoma nguvu ya mawimbi kwenye kioo, mpaka walipopata pembe wanayoitaka. Antena ya simu yako ni kitu kidogo sana kilichofichwa ndani ya simu, nawe mwenyewe umejificha chini ya bati. Yule mzee ameitoa antena nje, ameipandisha juu na ameipa mwelekeo. Kwa maneno mengine, anatembea na mlima wake kwenye gari.

Hapo ndipo nilipoielewa vizuri dhuluma ya ile saa 5:59. Mfumo haupimi nani amefanya kazi. Unapima nani ana mlima karibu.

Na mlima una gharama. Mwenzangu mmoja wa kike alipangiwa kituo kingine kwenye ukanda huohuo. Mchana anafundisha. Jioni watu wengi wako hewani, kasi inakufa, na mafaili ya picha hayapandi. Inabidi asubiri usiku watu walale ndipo apande kilimani kwake, peke yake, na tochi ya simu ambayo inamaliza chaji anayoihitaji kutuma ripoti. Jumapili ya nne kuna mtu alimfuata njiani. Alikimbia, akafika nyumbani salama, na tangu siku hiyo hakupanda tena usiku. Wiki tatu zikaandikwa sifuri. Matokeo yalipotoka alikuwa na sapu ya fildi, na sapu ya fildi maana yake ni kurudia fildi yenyewe kwa nauli yako, kwa sababu bumu la fildi halitoki mara mbili. Alipokata rufaa aliulizwa kwa nini hakutafuta sehemu yenye mtandao. Sehemu yenye mtandao ndiyo hiyohiyo aliyokimbizwa.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: minara inajengwa. Ni kweli, na tunashukuru. Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na kampuni za simu kujenga minara 758 katika kata 713. Lakini mnara hauondoi mlima, na mwanafunzi anayeripoti fildi mwezi ujao hawezi kuandika ripoti yake kwenye mnara ambao haujasimama.

La pili: tukilegeza muda, wavivu watajificha nyuma ya mtandao. Hili lina uzito, maana wapo, na tunawajua kwa majina. Ila ushahidi wa kazi upo kwenye karatasi. Mkuu wa shule anasaini kila wiki, tena kwa tarehe. Mwanafunzi mvivu hawezi kuupata muhuri huo kirahisi, na hauhitaji bando.

Kwa hiyo serikali yetu ya wanafunzi ikabebe mambo matatu mezani. Moja, ripoti ya wiki ipokelewe ndani ya siku saba, na tarehe inayohesabika iwe ile ya saini ya mkuu wa shule. Mbili, mwanafunzi aweze kuthibitisha wiki yake kwa namba fupi, bila intaneti. Hili si jipya: Serikali inatoa huduma kibao kupitia *152*00#, na bibi mwenye kiswaswadu anazipata akiwa mlangoni kwake. Kama ule mtandao wa kupiga unamtosha bibi, utatosha kupeleka namba ya usajili na idadi ya vipindi. Tatu, kabla ya kupanga vituo, waulizwe wakuu wa shule hali ya mtandao ilivyo, na majibu yao yawekwe mbele ya msimamizi kabla hajaandika sifuri.

Na sisi pia tujirekebishe. Wengi tunaondoka chuoni bila hata kitabu kimoja kwenye simu, tukitegemea kupakua hukohuko. Pakua kabla ya kupanda basi. Beba laini mbili za kampuni tofauti. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kutuma. Ukurasa ulioandikwa kwa peni hauhitaji MB 4. Zima programu zinazojisasisha zenyewe. Tuma alfajiri, hewa ikiwa tupu na njia inaonekana. Mkiwa watatu au wanne kituo kimoja, changeni antena ya nje na mti mrefu wa kuifunga. Mzee wa gari la kulala aliniachia waya wake wa ziada. Tuliufunga na antena ya kuchanga juu ya mwembe wa shule, na wiki mbili za mwisho sikupanda mlima.

Mwenzangu anarudia fildi mwaka huu. Amepangiwa tena ukanda wa ziwa, na mfumo bado unafunga saa 6 kamili.