Moyo Unaponyamaza

Kuna ugonjwa mmoja ambao kijijini huleta fitina kabla haujaleta dawa. Mzee mwenye akili timamu, asiyegusa pombe, atoka shambani na jembe lake begani. Mara aanguka kama gogo. Uso umepauka kama majivu. Kabla watu hawajafika na maji amekwisha kufumbua macho, naye auliza, "Kuna nini hapa?" Majuma mawili yakipita aanguka tena, na safari hii ni karibu na moto. Hapo maneno huanza. Huyu asema ni kifafa, yule asema ni mashetani ya upande wa mama, na wa tatu hasemi kitu bali amtazama jirani kwa jicho la pembeni. Ni mara chache mtu kusema: Hebu tumshike mshipa wa mkono, tuhesabu.

Basi leo tuhesabu.

Moyo wa mtu mzima aliyekaa kitako hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Tukishika mara 70, kwa siku moja ni mapigo zaidi ya 100,000, usiku na mchana, bila Jumapili. Ni nani auamrishaye? Si akili yako, maana hata ukilala wapiga. Ndani ya moyo wenyewe, katika chumba cha juu cha upande wa kuume, mna fundo dogo la nyama litoalo cheche ya umeme. Cheche hiyo hupita katika vyumba vya juu, husimama kidogo katika fundo la pili lililo katikati, ndipo hushuka kwa njia zake mpaka vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Fundo la pili lilielezwa mwaka 1906 na Mjapani mmoja, Sunao Tawara, alipokuwa akisoma Ujerumani. La kwanza lilielezwa mwaka uliofuata na Waingereza wawili, Arthur Keith na Martin Flack. Ajabu, watu walikuwa wamekwisha kuvumbua simu na motokaa kabla ya kujua ni nini kinachopigisha mioyo yao wenyewe!

Sasa, fundo lile la juu laweza kuchoka kwa uzee. Au fundo ni zima, lakini njia ya kushukia imekatika, kama waya wa simu ulioangukiwa na mti: amri yatumwa, haifiki. Hapo moyo hunyamaza. Kimya cha sekunde 2 usingizini si kitu. Vijana wengi wenye afya hukipata wasijue. Kikipita sekunde 3 mtu akiwa macho, daktari hukunja uso. Kikifika sekunde 6 mpaka 10, ubongo umekosa damu, na mtu huanguka hapo alipo, awe juu ya mnazi au juu ya baiskeli. Mara nyingi sehemu nyingine ya moyo huamka ikapiga polepole, mara 30 au 40 kwa dakika, na ndiyo maana mzee wetu alifumbua macho. Siku isipoamka, ndiyo basi.

Maradhi haya hutajwa kwa majina ya madaktari wawili wa mji wa Dublin, kule Ayalandi: Robert Adams, aliyeyaandika mwaka 1827, na William Stokes, mwaka 1846. Waliona kwamba mapigo ya polepole na kule kuanguka huenda pamoja. Kuona waliona, kuyatibu hawakuweza. Zaidi ya miaka 100 ikapita hivyo.

Hata mwaka 1958, katika nchi ya Uswidi, palikuwa na mtu wa miaka 43, jina lake Arne Larsson, aliyekuwa akizimia mara 20 hata 30 kwa siku. Mkewe, Else-Marie, hakukubali kukaa akingojea kilio. Alikwenda hospitali ya Karolinska, karibu na Stockholm, akamwendea Åke Senning, daktari wa upasuaji, na Rune Elmqvist, fundi wa vyombo vya hospitali. Hao walikuwa wakifanya majaribio juu ya wanyama, na chombo cha kumtia binadamu hawakuwa nacho. Mama yule akawashurutisha wakitengeneze. Elmqvist akaunga vipande vyake, akavimiminia gundi ngumu, na kalibu yake ilikuwa kopo la rangi ya viatu. Tarehe 8 Oktoba 1958 Senning akamfungua mgonjwa kifua, akaunga nyaya kwenye moyo.

Chombo kile kilikufa baada ya saa chache. Wakaweka cha pili walichokuwa nacho akiba, nacho hakikudumu. Wengine wangesema shauri limekwisha. Lakini Larsson, akibadilishiwa chombo baada ya chombo, vyombo zaidi ya 20 kwa jumla, aliishi mpaka tarehe 28 Desemba 2001. Alikuwa na miaka 86, na kilichomwua ni saratani, si moyo. Daktari aliyempasua na fundi aliyemtengenezea walikuwa wamekwisha kutangulia.

Siku hizi watu wetu huviita vyombo hivyo betri za moyo. Jina si baya, ila ladanganya kidogo, maana mtu hudhani kazi yake ni kuusukuma moyo kama betri iwashavyo motokaa. La. Kazi yake kubwa ni kusikiliza.

Vyombo vya kwanza vilikuwa viziwi. Vilipiga kwa hesabu moja tu, mara 70 hivi kwa dakika, moyo upende usipende. Moyo ukiamka na kupiga wenyewe, walikuwa wawili wakigombania ngoma moja. Tena cheche ikiangukia pabaya, wakati moyo unapojikusanya baada ya pigo, yaweza kuutia wazimu, ukatetemeka tu bila kusukuma damu. Katika miaka ya 1960 fundi mmoja wa Marekani, Barouh Berkovits, akatengeneza chombo chenye kungoja.

Mmepata kumwona mpigaji wa akiba katika ngoma. Amekaa nyuma, kijiti mkononi, sikio lake lote liko kwa mpigaji mkubwa. Maadamu yule apiga, huyu haigusi ngoma. Mkono wa mkubwa ukilegea, pigo moja tu likikosekana, huyu alijaza mahali pake, na wachezaji hawajui kwamba palikuwa na pengo. Betri ya moyo ndivyo ifanyavyo.

Chombo cha leo ni kibati kidogo cha madini ya titani, uzito wake gramu 20 mpaka 30, nacho hukaa chini ya ngozi karibu na mtulinga. Waya mmoja au nyaya mbili hupita ndani ya mshipa mkubwa wa damu mpaka moyoni. Kwa ncha ya waya huo chombo husikia umeme wa moyo, na umeme huo ni mdogo mno. Betri ya tochi ina volti 1.5, yaani milivolti 1,500. Pigo la chumba cha chini mara nyingi ni milivolti 5 mpaka 20 tu. Basi chombo hupangiwa amri: kilicho chini ya milivolti 2 hivi ni kelele, usikihesabu. Kila pigo la kweli likisikika, saa iliyo ndani yake huanza kuhesabu upya. Tuseme daktari ameweka mara 60 kwa dakika, yaani sekunde 1 kwa kila pigo. Pigo likija kabla ya sekunde kwisha, chombo hunyamaza, huanza tena hesabu. Sekunde ikiisha kimya, chombo hutoa cheche ya volti 2 au 3. Cheche hiyo haidumu hata nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa kawaida mgonjwa haisikii. Kile kimya cha sekunde 6 kilichomwangusha mzee hakipati nafasi hata ya kuanza.

Chenye nyaya mbili hufanya zaidi. Husikia kwanza chumba cha juu, hungoja kidogo, kama vile lifanyavyo lile fundo la Tawara. Chumba cha chini kisipoitika, ndipo hukipiga. Kuna na watu ambao mapigo yao huporomoka ghafula, kama mtu ateleze ngazini. Kwao chombo chaweza kupangwa kwamba kikiona mporomoko huo kipige haraka, mara 100 hivi kwa dakika, kwa muda mfupi, kisha kipunguze. Na vingine, baada ya kupiga, husikiliza kama moyo umeitika; usipoitika, papo hapo hupiga tena kwa nguvu kubwa zaidi.

Lakini mwenye kusikiliza aweza kudanganywa. Waya ukichanika ndani, au mgonjwa akijiinamia juu ya mashine ya kuchomelea vyuma, chombo husikia mchakacho wa umeme na kudhani ni mapigo. Kikidhani hivyo, chanyamaza. Na moyo nao umenyamaza. Na mtu aanguka huku chombo chake kizima kabisa. Mafundi wameliwazia jambo hili. Kelele ikifululiza kwa kasi ambayo moyo hauwezi kuifikia, vyombo vya leo huacha kuyaamini masikio yao, hupiga kwa hesabu tu mpaka kelele iishe. Sumaku kali ikiwekwa juu yake, chombo kwa kawaida hurudi katika uziwi ule wa zamani, na madaktari huitumia makusudi wakati wa upasuaji.

Iko hatari nyingine: mtu aanguka mara moja kwa miezi 6, na siku apimwapo umeme wa moyo karatasi yaonyesha moyo mzuri kama wa kijana. Kwa huyo kimetengenezwa kidude kidogo cha kuweka chini ya ngozi ya kifua. Hukaa miaka 3 hata zaidi, kikiandika kila kimya kirefu, sekunde 3 kwa mfano. Hakitibu kitu, ni shahidi tu. Lakini ushahidi wake umewatoa watu katika dawa za kifafa walizokuwa wakizimeza bure.

Sasa turudi kwa mzee wetu aliyelala chini. Mlazeni chali, mwinueni miguu, wala msimtie kijiko mdomoni. Asipopumua, msikae kumwita jina lake. Mbonyezeni kifua kwa nguvu na upesi, katikati, bila kuacha. Akiamka, shikeni mshipa wa mkono upande wa kidole gumba, hesabuni dakika nzima kwa saa, mwandike. Mtu anayezimia na mapigo yake ni chini ya 40, huyo ni wa hospitali leo, si kesho. Wala kutupa mikono hakuthibitishi kifafa, maana ubongo uliokosa damu hutupa mikono vilevile. Chukueni na dawa zake zote mwende nazo. Ziko dawa za presha na za moyo zinazopunguza mapigo kupita kiasi, na mara nyingine daktari akibadilisha dawa hiyo, basi, hapana haja ya chombo. Kijana mkimbiaji mwenye mapigo 48 asiyezimia mwacheni na mbio zake.

Zahanati haiweki betri ya moyo, lakini ndiyo mwanzo wa njia, maana yatoa barua ya kwenda mbele. Kwa Tanzania kazi hii hufanyika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Bei ndiyo mwiba. Ni kweli kwamba chombo kipya huwashinda watu wengi, na kwa maoni yetu ni aibu kwamba watu hufa kwa kukosa kitu ambacho kwingine huzikwa kaburini kingali kizima. Wako waliolifikiri hilo. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, hupokea vyombo vya marehemu kwa idhini ya jamaa zao, huvisafisha na kuvipima. Vilijaribiwa kwa wagonjwa karibu 300 wa nchi 7, Kenya na Msumbiji zikiwamo. Mwezi Novemba 2024 ilitangazwa kwamba katika siku 90 za kwanza havikuonekana kuwa duni kuliko vipya.

Na aliyekwisha kuwekewa ajue haya. Simu asiiweke mfuko wa shati wa upande wa chombo, bali iwe mbali kwa sentimita 15, na aisikilize kwa sikio la upande wa pili. Spika kubwa za muziki zina sumaku, asizibebe kifuani. Kuchomelea vyuma amwulize daktari kwanza. Kupimwa asikose, hata akijiona mzima, maana betri hukaa miaka 8 mpaka 12 hivi, na hospitali huona mapema kwamba inakwisha. Hapo hubadilishwa kibati, nyaya zikiwa nzima hubaki. Tena hupewa kadi yenye jina la chombo na tarehe ya kuwekwa. Kadi hiyo watu hupenda kuifungia sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo. Iwe mfukoni mwake, na mtu mmoja zaidi wa nyumbani ajue mahali ilipo.