Wizi Hauko Kwenye Linki

"Ukituma linki ya wimbo kwenye kundi la WhatsApp, umemwibia mwenye wimbo." Hoja hii husemwa kwa sauti ya hakimu, na haina miguu. Linki ni anwani. Anayeibonyeza anakwenda kwa mwenyewe, na wimbo unabaki palepale ulipowekwa. Mwenyewe akiufuta leo, linki zote zinakufa bila yeye kumwomba mtu. Februari 2014, katika kesi ya Svensson, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliwajibu waandishi wa habari wa Sweden walioishtaki kampuni iliyowaelekeza watu kwenye makala zao: makala zilikuwa wazi kwa kila mtu, kwa hiyo kuzielekezea hakukuhitaji ruhusa. Ingekuwa vingine kama linki ingewapitisha watu nyuma ya ukuta wa malipo. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wetu wa Lubumbashi, Kongo, lakini sijaona hoja ya kuishinda.

Wengine hurukia upande wa pili: "Basi kilichoko intaneti ni cha wote, mradi nitaje nilikokitoa." Hapana. Mwanafunzi mmoja wa Ujerumani alipakua picha ya mji wa Córdoba kutoka tovuti ya safari, akaibandika kwenye kazi yake ya shule, na chini yake akaandika jina la tovuti. Shule ikaiweka kazi hiyo kwenye tovuti yake yenyewe. Agosti 2018 mahakama ileile ilisema ruhusa ya mpiga picha ilihitajika, kwa kuwa sasa palikuwa na nakala mpya isiyo mikononi mwake. Kutaja chanzo ni adabu njema, na adabu si ruhusa.

Hapo kwenye kunakili ndipo Kasomeno, huku Katanga, inapoingia. Kwenye njia panda ya Kasenga na Pweto, linki inakula mega kila inapofunguliwa. Faili iliyonakiliwa mara moja inasikilizwa mwaka mzima, tena inahamia simu ya jirani bila kulipiwa hata faranga. Njia safi kisheria ndiyo ghali, ile chafu ndiyo ya bure. Naielewa sababu ya anayenakili. Ila asiigeuze lawama akaitupia linki, ambayo kwa kweli ndiyo inayomheshimu mtunzi.

"Sheria yetu ni ya 1986, haijui intaneti." Ni kweli kwamba sheria namba 86-033 ilitiwa saini tarehe 5 Aprili 1986. Lakini inamlinda mtunzi dhidi ya kunakiliwa, na nakala ni nakala, iwe kwenye kaseti au kwenye kadi ya simu. Kongo pia imo katika Mkataba wa Berne, unaolinda haki za watunzi kimataifa, tangu 1963.

"Wimbo wenyewe wa zamani, mwenyewe keshakufa." Mfano mzuri ni Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Alifariki 1990. Sheria ya Kongo hulinda kazi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Fanya hesabu: 2040.

Iliyobaki ni hoja ya wajanja: "Mimi sikupakia kitu, nimetuma linki tu." Hapa namkatalia hata mtetezi wa linki. Septemba 2016, katika kesi ya GS Media, mahakama ya Ulaya ilisema anayeelekeza kwenye kitu kilichowekwa bila idhini, huku akijua, anawajibika. Na akifanya hivyo kwa faida, inachukuliwa kwamba alijua mpaka athibitishe vingine. Kwa hiyo anayetoza watu pesa ili awape linki za mechi za wizi asijifiche nyuma ya neno "tu". Mfanyabiashara mmoja wa Uholanzi alijaribu. Aliuza vifaa vya kuunganisha kwenye televisheni, vikiwa vimeshawekewa linki za filamu za wizi, na ndani ya kifaa hapakuwa na filamu hata moja. Aprili 2017 alishindwa.